KUKUZA MAUMBO KWENYE KARATASI YA GRAFU: KUTOKA ZULIA LA MSIKITI HADI NDIVA ZA UPARE



Tunarudi tena katika ukurasa wa hesabu wa jarida letu. Baadhi yenu mmekuwa mkiuliza kwa nini jarida la madrasa liwe na ukurasa wa hesabu. Hatutalijibu swali hilo kwa maneno mengi. Aliyesoma mirathi anajua kuwa bila sehemu hawezi kugawa hata shamba moja la tangawizi kwa warithi wake, na anayetoa zaka anajua kuwa bila asilimia hajui anachodaiwa. Mwaka huu tumechagua somo jingine, nalo tumelichagua kwa sababu lilitutia hasara sisi wenyewe.

Mnakumbuka kwamba chumba cha zamani cha kuswalia kilikuwa na upana wa mita 8, na urefu wa mita 6 kutoka mlangoni hadi mihrab. Kamati iliamua kukipanua mara moja na nusu, upana na urefu, ili umbo lake lisibadilike: mita 12 kwa mita 9. Mchoro ulichorwa na wenzenu wa darasa la juu kwenye karatasi ya grafu, sentimita 1 ikisimama badala ya mita 1. Ulikuwa mchoro safi. Ukuta ulipanda, bati zikaezekwa, na hakuna kona iliyomsumbua fundi.

Taabu ilikuja kwenye zulia. Hesabu iliyopelekwa dukani ilikuwa hivi: chumba cha zamani kilichukua mita za mraba 48, chumba kipya ni mara moja na nusu ya kile, basi 48 × 1.5 = 72. Wazazi wakachangishwa fedha za mita za mraba 72, wengine wakitoa walichouza mnadani wiki ile. Zulia likafika, likatandazwa kuanzia mihrab kurudi nyuma, likaishia njiani. Sakafu mpya ni 12 × 9, yaani mita za mraba 108. Zilipungua mita za mraba 36, theluthi nzima ya sakafu. Kila safu huchukua mita 1.2 hivi kwenda nyuma, kwa hiyo zulia lilifunika mita 6, sawa na safu tano. Safu mbili za mwisho zilibaki kwenye mikeka ile ile mikuukuu Ramadhani nzima, na safu za mwisho, kama mnavyojua, ndizo zenu.

Karatasi ile ya hesabu ilipita mikononi mwetu sisi walimu kabla haijaenda dukani. Tuliitazama tukaona iko sawa. Kwa hiyo somo hili tunalifundisha tukiwa na deni.

KUKUZA NI NINI

Chukueni karatasi ya grafu. Choreni mstari uliolala, huo ni mhimili wa x, na mstari uliosimama, huo ni mhimili wa y. Mahali ilipokutana tunapaita chanzo, na majira yake ni (0, 0). Nukta yoyote nyingine tunaitaja kwa namba mbili: ya kwanza inasema tumekwenda hatua ngapi kulia, ya pili inasema hatua ngapi juu. Ikiwa ni kushoto au chini, namba inakuwa hasi. Hayo mmeyasoma shule ya msingi, tusikae hapo.

Sasa, ili kukuza umbo tunahitaji vitu viwili tu. Cha kwanza ni kitovu, yaani nukta ambayo haitasogea. Cha pili ni kiwango cha ukuzaji, namba inayosema kila kitu kitakuwa mbali na kitovu mara ngapi. Namba hiyo tutaiita k. Kwa kila nukta ya umbo, tunapiga mstari ulionyooka kutoka kwenye kitovu kupita kwenye nukta ile, kisha tunasimama pale ambapo umbali kutoka kitovuni ni k mara umbali wa mwanzo. Nukta tunayoipata ndiyo taswira ya ile ya kwanza.

Kitovu kikiwa ni chanzo, kazi inakuwa rahisi mno: zidisha namba zote mbili kwa k. Nukta (x, y) inakwenda (kx, ky).

Mfano wa 1. Tuchukue pembetatu yenye ncha A(1, 1), B(4, 1) na C(1, 5). Upande AB una hatua 3, upande AC una hatua 4, na mafundi wote wa Same wanajua bila kuuliza kwamba upande wa tatu ni 5, maana hiyo ndiyo kamba yao ya 3, 4, 5 wanayotafutia kona ya mraba wanapoanza msingi. Tuikuze kwa k = 2 kutoka kwenye chanzo. Tunapata A'(2, 2), B'(8, 2) na C'(2, 10). Pimeni: A'B' ni 6, A'C' ni 8, na B'C' ni 10. Kila upande umekuwa mara mbili. Chukueni kipimapembe mpime pembe pia. Pembe ya A ilikuwa digrii 90 na bado ni digrii 90, na pembe za B na C nazo hazikubadilika hata kidogo.

Maumbo mawili ya namna hii, yenye pembe zile zile na pande zenye uwiano mmoja, ndiyo tunayosema katika hesabu kuwa yanafanana. Angalieni neno hili. Mtaani tukisema watoto wawili wanafanana tunataka tu wakaribiane kwa sura. Katika hesabu neno ni kali zaidi: haitoshi pembetatu kuonekana kama ndugu wa mwenzake, lazima kila upande ukigawanywa kwa mwenzake utoe namba ile ile. Hapa 6 ÷ 3 = 2, 8 ÷ 4 = 2, 10 ÷ 5 = 2. Upande mmoja ukitoa namba tofauti, kufanana hakupo.

Kiwango k kikiwa kati ya 0 na 1, umbo linapungua badala ya kukua, lakini bado tunaiita kazi ile ile. Kikiwa 1, hakuna kilichotokea. Kikiwa hasi, taswira inavuka kitovu na kutokea upande wa pili ikiwa imepinduka. Jaribuni wenyewe kwa k = –1 mwone pembetatu yetu inakwenda wapi.

MAKOSA TULIYOYAONA KWENYE MADAFTARI

Kosa la kwanza ni kujumlisha mahali pa kuzidisha. Mwanafunzi anaambiwa akuze kwa 2, naye anaongeza 2 kwenye kila namba. A inakuwa (3, 3), B inakuwa (6, 3), C inakuwa (3, 7). Anachora, anaona pembetatu iko mbali zaidi na chanzo, anaridhika. Lakini pande zake bado ni 3, 4 na 5. Umbo limehama nyumba tu, halikukua.

Kosa la pili ni kuzidisha namba moja na kuisahau nyingine. Ukizidisha x peke yake unapata (2, 1), (8, 1) na (2, 5). Pande zinakuwa 6 na 4, na ule wa tatu ni kama 7.2. Umbo limevutwa upande mmoja kama picha kwenye runinga mbovu, na wala halifanani na la kwanza.

Kosa la tatu ni la watu wazima, na tumelisikia hata kwenye vikao: “tuongeze mita mbili kila upande, umbo litabaki lile lile.” Halibaki. Chumba cha 3 kwa 4 kikiongezwa mita mbili kila upande kinakuwa 5 kwa 6. Gawanyeni: 3 ÷ 4 ni 0.75, lakini 5 ÷ 6 ni kama 0.83. Kimesogelea kuwa mraba. Kujumlisha kunahifadhi tofauti ya pande. Kuzidisha ndiko kunakohifadhi uwiano, na kufanana ni jambo la uwiano.

Na kitovu kisipokuwa chanzo? Hapo wengi huacha kalamu. Njia ni hii: kwanza ona nukta yako iko hatua ngapi kutoka kitovuni, zidisha hatua hizo kwa k, halafu zihesabu tena kuanzia kitovuni. Tuseme kitovu ni (2, 1), nukta ni (5, 3), na k = 3. Kutoka (2, 1) hadi (5, 3) ni hatua 3 kulia na 2 juu. Mara tatu ni 9 kulia na 6 juu. Anza tena kwenye (2, 1): unafika (11, 7). Hapa pia tumeona watoto wenye akili wakiandika (15, 9), kwa sababu wamezidisha kutoka kwenye chanzo kwa mazoea. Kitovu ni kama mambo iliyochomekwa ardhini na kamba imefungwa hapo. Huwezi kupima kutoka kwenye mambo ambayo haipo.

ZULIA LETU TENA

Turudi kwenye pembetatu ya mfano wa 1. Eneo lake lilikuwa nusu ya 3 × 4, yaani miraba 6. Taswira yake ina eneo la nusu ya 6 × 8, yaani miraba 24. Pande zilikua mara 2, eneo limekua mara 4. Hesabuni miraba kwenye karatasi kama hamtuamini.

Sababu yake si ngumu. Eneo linatokana na vipimo viwili vinavyozidishwa, na kila kimoja kimebeba k yake. Kwa hiyo eneo linakua mara k × k. Kwa chumba chetu k ilikuwa 1.5, na 1.5 × 1.5 = 2.25. Sasa 48 × 2.25 = 108. Ile karatasi iliyotupita ilikuwa imetumia k mahali pa k × k, basi. Tofauti ya alama moja ya kuzidisha, na watoto wakaswali kwenye mikeka.

Mtu mwingine aweza kuuliza: je, kama tulitaka eneo liongezeke mara mbili tu, k ingekuwa ngapi? Ni namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe inatoa 2, yaani kipeuo cha pili cha 2, ambacho ni kama 1.41. Chumba cha 8 kwa 6 kingekuwa takriban mita 11.3 kwa 8.5. Ndiyo maana mtu akikuambia “nyumba yangu ni mara mbili ya yako”, mwulize kwanza: mara mbili kwa urefu wa ukuta, au mara mbili kwa sakafu?

KIBLA HAKIKUHAMA

Kuna jambo moja katika upanuzi ule ambalo lilikwenda vizuri bila mtu yeyote kulifikiria, na ni haki lisemwe. Tulipopanua chumba hatukuhitaji kupima kibla upya. Mistari ya safu iliyokuwa kwenye mchoro mdogo ilikuzwa pamoja na mchoro, na ukuzaji haubadilishi pembe. Mstari ulioelekea Makka kwenye karatasi ya sentimita 12 unaelekea Makka kwenye sakafu ya mita 12.

Tulifanye kwa namba. Mji wa Same uko takriban digrii 4 na dakika 4 kusini mwa Ikweta, na digrii 37 na dakika 44 mashariki. Al-Kaaba iko takriban digrii 21 na dakika 25 kaskazini, na digrii 39 na dakika 50 mashariki. Makka basi iko karibu kaskazini yetu kabisa, imeegemea mashariki kidogo tu. Ukifanya hesabu yake kwa kufuata mviringo wa dunia, unapata kibla cha Same kuwa takriban digrii 4 na nusu mashariki ya kaskazini ya kweli.

Tuweke chanzo mahali aliposimama mswalaji, mhimili wa y uelekee kaskazini ya kweli, mhimili wa x uelekee mashariki. Mstari wa kibla unapita kwenye nukta (0.8, 10), kwa ukaribu unaotosha rula zetu. Kuza kwa k = 2: (1.6, 20). Kuza kwa k = 100: (80, 1000). Nukta zote hizi ziko kwenye mstari mmoja kutoka kwenye chanzo, kwa sababu ndivyo tulivyouanza ukuzaji, kwa mstari unaotoka kitovuni. Kwa lugha ya fundi: nenda mita 10 kaskazini, kisha sentimita 80 mashariki, piga mambo, vuta kamba kutoka ulipoanzia. Kamba hiyo ndiyo kibla. Safu zitaukata mstari huo kwa pembe ya digrii 90, yaani kila mita 10 kwenda mashariki zinarudi sentimita 80 kusini.

Tahadhari mbili. Ya kwanza, karatasi ni bapa na dunia ni mviringo. Makka iko zaidi ya kilomita 2,800 kutoka hapa, na kwa umbali kama huo pembe haitafutwi kwa rula juu ya ramani ya ukutani. Inatafutwa kwa hesabu ya tufe, ndipo inaletwa kwenye karatasi bapa kwa ajili ya sakafu yetu. Abu Rayhan al-Biruni, aliyezaliwa mwaka 973, aliandika kitabu kizima juu ya kutafuta majira ya miji, akakimaliza mwaka 1025, na moja ya makusudio yake ilikuwa kupata kibla cha mji wa Ghazna. Hakuwa na kalkuleta.

Ya pili, ukuzaji unakuza kila kitu, makosa nayo yamo. Kosa la digrii 1 kwenye sakafu ni kama sentimita 1.7 tu kwa kila mita. Huwezi kuliona kwa macho. Lakini ule mstari ukivutwa hadi Hijaz, kosa hilo hilo linafika karibu kilomita 50 kando. Je, swala ya aliyekosea kiasi hicho inakuwaje? Hilo tunamwachia sheikh wenu wa fiqhi. Sisi tunashika rula.

Na kama hamna vipimo vyovyote vya kuaminika, ipo njia ambayo haihitaji hata kujua kaskazini iko wapi. Mara mbili kwa mwaka jua husimama juu kabisa ya Makka: tarehe 27 au 28 Mei saa 6:18 mchana, na tarehe 15 au 16 Julai saa 6:27 mchana. Saa za Saudi Arabia ni sawa na saa zetu, kwa hiyo hakuna kujumlisha wala kutoa. Simamisheni fimbo iliyonyooka uwanjani, itazamwe kwa timazi, na dakika hiyo hiyo wekeni alama kwenye ncha ya kivuli. Mstari kutoka ncha ya kivuli kuelekea kwenye fimbo ndiyo kibla. Kwa hapa Same kivuli kitakuwa kifupi, chini kidogo ya nusu ya urefu wa fimbo, basi tumieni fimbo ndefu. Mwaka ujao, inshaAllah, kama mawingu ya milimani hayatatuziba, tutalifanya hili sote uwanjani na kulinganisha na mistari ya zulia.

VIVULI

Kwa kuwa tumetaja vivuli tuongeze hili. Jua liko mbali sana, kwa hiyo miale yake inafika hapa ikiwa sambamba. Fimbo na kivuli chake, pamoja na mwale unaopita kwenye ncha, ni pembetatu. Mnara na kivuli chake, saa ile ile, ni pembetatu nyingine yenye pembe zile zile. Hizo ni pembetatu zinazofanana, moja ni ukuzaji wa nyingine.

Mfano wa 2. Fimbo ya mita 1.5 ina kivuli cha mita 0.9. Wakati huo huo kivuli cha mnara, kikipimwa kutoka usawa wa katikati ya kitako chake, ni mita 7.2. Kiwango k ni 7.2 ÷ 0.9 = 8. Urefu wa mnara ni 1.5 × 8 = mita 12. Hakuna aliyepanda ngazi.

Na hii ndiyo hesabu iliyo ndani ya wakati wa Alasiri. Mnasoma kwenye fiqhi kuwa, kwa madhehebu yetu ya Shafi, Alasiri inaingia pale kivuli cha kitu kinapokuwa sawa na kitu chenyewe, ukiongeza kivuli kilichokuwapo jua lilipokuwa katikati. Haijalishi kitu gani. Chukua kalamu, chukua mtu, chukua mnara, zote zinafika hapo kwa pamoja, kwa sababu pembetatu zao zinafanana. Hapa Same kuna siku mbili ambazo kivuli cha adhuhuri kinatoweka kabisa, kwa sababu jua linapita juu ya vichwa vyetu: karibu na tarehe 10 Machi na karibu na tarehe 3 Oktoba. Siku hizo kanuni inabaki nyepesi kabisa, kivuli sawa na fimbo, na anayetaka kupima urefu wa mwembe asubiri adhana ya Alasiri kisha apime kivuli chake, hana haja ya kuzidisha chochote.

NDIVA

Tumeona urefu unakua kwa k na eneo kwa k × k. Bado ujazo, na kwa ujazo hatuhitaji kwenda mbali. Wale mnaotoka milimani, na wale wa Bangalala na vijiji vya chini yake, mmekulia kando ya ndiva. Wazee wetu wa Kipare walizichimba tangu zamani: maji ya mfereji yanakusanywa usiku, asubuhi mlango unafunguliwa, yanashuka mashambani kwa zamu. Ndiva ikiwa ndogo zamu yako inakwisha maji hayajafika mwisho wa tuta, na hapo ndipo majirani wanapoacha kusalimiana.

Tuseme ndiva ina urefu wa mita 10, upana mita 8 na kina cha mita 1. Inabeba mita za ujazo 80. Kikao kinakubaliana ikuzwe mara mbili, kila kipimo: 20 kwa 16 kwa 2. Zidisheni: mita za ujazo 640. Ni mara 8! Mbili kwa mbili kwa mbili. Kwa anayesubiri maji hiyo ni furaha. Kwa anayeshika jembe ni habari nyingine, maana mita za ujazo 560 za udongo zinasubiri mtu wa kuzitoa. Ikiwa msaragambo wa kwanza ulichimba mita 80 kwa siku 10, hizi 560 ni siku 70 kwa watu wale wale, na udongo wa chini mara nyingi ni mgumu kuliko wa juu. Mwenyekiti aliyewaahidi watu kuwa “ni kazi ya mara mbili” atajikuta peke yake kwenye shimo.

Kama kilichotakiwa ni maji mara mbili tu, k inayohitajika ni kipeuo cha tatu cha 2, karibu 1.26. Mita 12.6 kwa 10.1 kwa 1.26, na unapata takriban 160. Ongezeko la mita mbili na nusu kwenye urefu, mbili kwenye upana, na sentimita 26 tu kwenye kina. Ukiliona kwa macho utasema halitoshi. Macho yanaona urefu, hayaoni ujazo.

Ramani tuzitaje kwa ufupi. Ramani za serikali zenye milima yetu, pamoja na kilele cha Shengena chenye mita 2,462, zimechapwa kwa skeli ya 1:50,000. Sentimita 1 ni mita 500. Ukiikuza kwa k = 2 inakuwa 1:25,000, lakini karatasi itataka kuwa kubwa mara nne. Wenzenu waliokuza ramani ya wilaya ukutani kwa kupiga miraba walifanya ukuzaji bila kuuita jina hilo, na walilijua hili la karatasi mapema kuliko sisi tulivyolijua la zulia.

ZOEZI

1. Mstatili una ncha P(1, 1), Q(4, 1), R(4, 3) na S(1, 3). Ukuze kwa k = 3 kutoka kwenye chanzo. Taja ncha za taswira na eneo lake.

2. Kitovu ni (2, 2), k = ½. Taswira ya nukta (6, 4) iko wapi?

3. Sakafu ya mita 5 kwa 4 ilichukua mifuko 6 ya saruji. Sakafu inayofanana nayo, k = 2, kwa unene ule ule, itachukua mifuko mingapi? Na unene nao ukiwa mara mbili?

4. Fimbo ya mita 1 ina kivuli cha sentimita 70. Mwembe ulio kando yake una kivuli cha mita 6.3. Mwembe una urefu gani?

5. Mfadhili ametoa zulia la mita za mraba 200. Kamati inataka chumba kifanane na kile cha zamani cha mita 8 kwa 6, na zulia litoshe bila kubaki. Tafuta k, kisha vipimo vya chumba.

Majibu: (1) P'(3, 3), Q'(12, 3), R'(12, 9), S'(3, 9), eneo miraba 54. (2) (4, 3). (3) Mifuko 24. Na unene ukiwa mara mbili, mifuko 48. (4) Mita 9. Jibu la swali la 5 hatuliandiki hapa. Lileteni kwenye karatasi ya grafu, na safari hii tutalipitia mara mbili kabla halijaenda kwa kamati.